Ulinganifu wa tishu katika kupandikiza figo ni nini?

Familia nyingi jijini Nairobi, mgonjwa wao akishaambiwa kwamba anahitaji figo mpya, huanza kwa kuulizana kundi la damu. Si vibaya, kwani mtu wa kundi O aweza kumpa yeyote, wa AB aweza kupokea kutoka kwa yeyote, na chanya au hasi inayoandikwa pembeni haina uzito kwa figo. Lakini hapo ndipo vipimo vinapoanza tu.

Kinachofuata ni ulinganifu wa tishu wenyewe. Juu ya karibu kila seli ya mwili kuna protini ziitwazo HLA, na kinga ya mwili huzitumia kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6, na kila mtu hurithi seti moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo mzazi na mtoto hulingana nusu. Ndugu wa baba na mama mmoja wana uwezekano wa 1 kati ya 4 kulingana kikamilifu, na 1 kati ya 4 wa kutolingana hata kidogo. Kufanana sura hakuhusiani na hili.

Pacha wa kufanana ndio pekee wasio na shida hii. Ndiyo maana upandikizaji wa kwanza uliofaulu, aliofanya Joseph Murray huko Boston mwaka 1954, ulikuwa wa pacha. Kwa wengine wote, seli nyeupe huigundua figo kuwa ngeni na kuishambulia, hivyo mgonjwa humeza dawa za kutuliza kinga, kama takrolimasi na predinisoloni, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Dawa hizi zimepunguza sana uzito wa HLA. Leo mke humpa mumewe figo, hawana undugu wowote, na figo ikadumu miaka.

Kizuizi kikubwa zaidi ni kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshambulia kitu kigeni, ambazo tayari zimo kwenye damu ya mgonjwa. Kipimo chake huitwa krosimechi: maji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na seli nyeupe za mtoaji. Katika mbinu ya zamani, seli zikifa, jibu ni chanya, na hapa chanya ni habari mbaya. Figo ikiwekwa hivyo hivyo, yaweza kuharibika ndani ya dakika au saa chache, daktari akiwa bado chumba cha upasuaji.

Kingamwili hizo hutoka wapi? Kwa mimba, kwa kuongezewa damu, au kwa figo iliyopandikizwa awali. Chukua mama wa watoto watatu anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mumewe yuko tayari kutoa figo na kundi la damu ni lile lile, lakini mimba zile zilishaufundisha mwili wake kuzipinga protini za mume ambazo watoto walirithi, na krosimechi inakataa. Hapo wakwe huanza kunong'ona, na hakuna aliyekosea.

Kingamwili huweza pia kuzuka baadaye, hivyo krosimechi hurudiwa karibu na siku ya upasuaji. Mgonjwa akiongezwa damu katikati ya kusubiri, hata chupa moja, na hata kama ni katika hospitali nyingine, timu ya upandikizaji lazima iambiwe.