Kocha Bora wa Mwezi hajarogwa

Kila mwezi, tuzo za madaraja ya chini ya Uingereza zikishatangazwa tu, watu ninaowachambulia takwimu wananitumia swali lile lile: kocha fulani wa Championship (daraja la pili) au League Two (daraja la nne) kapewa Kocha Bora wa Mwezi, sasa timu yake itolewe kwenye mkeka wa kubeti? "Si unajua ile tuzo ina gundu?" Hapana, sijui, na nimechoka kuulizwa.

Dhana: Tuzo ina gundu, kocha akiipokea tu, anaanza kufungwa

Tazama kwanza inapatikanaje. Kwa mwezi timu inacheza mechi za ligi nne, tano, pengine sita au saba. Ili kocha awapiku wenzake 23 wa daraja lake, kwa kawaida huwa ameshinda karibu zote, na ndani ya ushindi huo kuna penalti ya dakika ya 90 na shuti la mpinzani lililogonga mwamba. Sasa pima na hili: Birmingham City walichukua League One (daraja la tatu) msimu wa 2024/25 kwa pointi 111, rekodi ya madaraja haya, ambako kila timu hucheza mechi 46 kwa msimu. Zigawe. Ni kama pointi 12 katika kila mechi tano. Wababe wa rekodi wenyewe waliacha pointi tatu katika kila 15! Kocha aliyezoa 15 zote mwezi Oktoba, Novemba aende wapi kama si chini? Mwanafunzi aliyepata 98 mtihani huu akapata 85 unaofuata, hatumpeleki kwa mganga.

Mfano ninaoupenda ni Leeds ya kocha Marcelo Bielsa, ilipokuwa Championship. Agosti 2018 walicheza mechi sita za ligi, wakashinda nne na kutoka sare mbili: pointi 14, na tuzo ikaenda kwake. Septemba wakatoka sare na Millwall, wakawafunga Preston 3-0, wakapigwa 2-1 nyumbani na Birmingham, wakatoka sare na Sheffield Wednesday. Pointi tano katika mechi nne. Gundu! Ila msimu ulipoisha walikuwa wa tatu na pointi 83, yaani wastani wa 1.8 kwa mechi. Agosti ilikuwa juu ya kiwango chao halisi, Septemba chini yake. Ndivyo ligi ya mechi 46 inavyokwenda.

Halafu kuna ujanja wa kumbukumbu. Kocha akipewa tuzo Ijumaa na kushinda Jumamosi, hakuna anayenitumia ujumbe. Akifungwa, simu inazizima.

Ushauri wangu, ambao najua wengi hawaufuati: acheni kuhesabu kwa kalenda. Mwezi ni kipimo cha mwenye nyumba anayedai kodi. Chukua mechi kumi kumi, tazama zilichezwa nyumbani au ugenini na dhidi ya nani, kisha angalia nani ni majeruhi. Tuzo ya Desemba ndiyo inayodanganya zaidi, maana mechi za Krismasi na Mwaka Mpya zinasongamana, na Januari miguu imekwisha.

Dhana: Anapewa anayeongoza ligi

La. Kinachotazamwa ni mwezi ule. Timu iliyo karibu na mstari wa kushuka daraja ikiamka, kocha wake anaweza kuibeba tuzo.

Dhana: Mashabiki ndio wanaopiga kura

Mnachanganya na Premier League, ambako kura za mashabiki zina sehemu yake. Huku chini huamua jopo, likiwa na watu kama kocha wa zamani, mchambuzi wa televisheni na mwakilishi wa chama cha makocha. Na kila daraja lina mshindi wake: Championship, League One na League Two.

Dhana: Mwenye matokeo mazuri hafukuzwi

Muulizeni John Eustace. Oktoba 2023 Birmingham hao hao walimtimua wakiwa nafasi ya sita Championship, tena wametoka kushinda mechi mbili mfululizo. Wakamleta Wayne Rooney, akashinda mbili katika 15, naye akaondoka Januari. Msimu ukaisha wameshuka daraja.