Matende na mabusha: anayelisha mbu ni mtu asiyeumwa

Huku pwani wapo wanaokwepa kukaa karibu na mtu mwenye matende, na wapo wanaoapa kwamba busha huletwa na madafu. Madafu hayahusiki. Matende na mabusha ni ugonjwa mmoja, unaoletwa na minyoo myembamba iitwayo Wuchereria bancrofti, ambayo hukaa kwenye mishipa ya limfu (ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu) na kusambazwa na mbu. Mtu ambaye mguu umeshavimba, mara nyingi damu yake haina tena watoto wa minyoo hiyo. Mbu huwachota kwa mtu mwingine: dereva wa bodaboda, mama lishe, mwalimu, mzima kabisa kwa kumtazama.

Minyoo iliyokomaa huishi ndani ya mtu miaka 6 hadi 8 na kuzaa vijinyoo kwa mamilioni. Mchana vijinyoo hujificha kwenye mishipa midogo ya mapafu. Usiku, hasa kati ya saa 4 na saa 8, hutoka na kujaa kwenye damu iliyo karibu na ngozi, wakati mbu wa mitaroni na vyooni wako kazini. Ndiyo sababu wapimaji walikuwa wakiwaamsha watu usiku wa manane kuwatoboa vidole, kazi isiyompa mtu marafiki. Siku hizi kuna kipimo cha haraka kinachofanya kazi hata mchana.

Ndani ya mbu, tofauti na vimelea vya malaria, vijinyoo hivi haviongezeki. Hukua tu, kwa siku 10 hadi 14, kisha huingia mwilini kupitia tundu la kuumwa. Ng'ombe na mbwa hawaitunzi minyoo hii. Hazina yake ni binadamu peke yake. Damu za watu zikisafishwa, mbu atabaki na kelele zake tu.

Kazi hiyo ndiyo ya kingatiba, yaani kuwagawia watu dawa hata kama hawaumwi: ni vidonge vya ivermectin na albendazole, kazi iliyoanza kisiwani Mafia mwaka 2000 na Zanzibar mwaka 2001. Mgawa dawa hukusimamisha kwenye fimbo yenye alama, na urefu wako ndio unaoamua idadi ya vidonge. Dawa huua vijinyoo, lakini minyoo mikubwa haimalizwi, kwa hiyo humezwa kila mwaka, walau miaka 5, na angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo husika. Wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi hawapewi.

Wanaotusumbua zaidi ni wanaume wanaokataa kila mwaka wakihofia nguvu za kiume. Dawa haiziondoi, busha ndilo linaloharibu ndoa. Ukipata homa au muwasho baada ya kumeza, kwa kawaida ni vijinyoo vinavyokufa, na hupita baada ya siku chache.

Busha hutibika kwa upasuaji. Mwenye matende aoshe mguu kila siku kwa maji na sabuni, akaushe vizuri katikati ya vidole, na auinue anapopumzika.