"Shikamoo dada, hii D25.9 ni saratani?" Maswali kuhusu namba za uvimbe wa kizazi

Nafanya kazi kwenye chumba cha kumbukumbu za wagonjwa hapa Mbeya. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuhakikisha kila ugonjwa ulioandikwa kwenye jalada unapata namba yake sahihi, ile inayoingizwa kwenye kompyuta na kwenye fomu ya bima. Lakini dirisha langu liko njiani kuelekea dawa, kwa hiyo mwanamke akitoka kwa daktari na karatasi asiyoielewa, wa kwanza kumuuliza ni mimi. Maswali haya nimeyakusanya dirishani, kwenye kiti cha saluni Mwanjelwa, na moja nililisikia ndani ya Coaster ya Tukuyu kutoka kwa mama aliyekaa nyuma yangu.

Shikamoo dada. Nimeandikiwa D25.9. Ni saratani ya daraja la ngapi?

Marahaba mdogo wangu. Si saratani, na hiyo 25 si daraja. Isome kama unavyosoma hati ya kiwanja: kitalu D, kiwanja namba 25. Kiwanja hicho, dunia nzima, ni cha faibroidi, yaani uvimbe unaoota kutokana na misuli ya kizazi chenyewe. Wengine huziita mayoma. Ni uvimbe wa kawaida mno. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba wanawake weusi wanapofika miaka 50, zaidi ya asilimia 80 wana faibroidi, na wengi wao hawajui kama wanazo.

Namba iliyo baada ya nukta inasema uvimbe umekaa wapi. Sifuri ni chini ya utando wa ndani, pale mimba inapojishikiza. Moja ni katikati ya nyama ya ukuta wa kizazi. Mbili ni upande wa nje, chini ya ngozi inayofunika kizazi. Na 9, inayowatisha watu kwa sababu ni kubwa, maana yake ni kwamba mahali hapakutajwa. Basi. Aliyeandika hakujua, au alijua na hakuandika.

Hapo ndipo huwa nabishana kidogo na wenzangu, maana 9 imekuwa kimbilio la uvivu. Mahali uvimbe ulipo pana uzito kuliko ukubwa wake. Uvimbe wa D25.0 unaweza kuwa kama punje ya harage na ukamtoa mtu damu hadi akashindwa kupanda mlima wa Iyunga. Wa D25.2 unaweza kuwa kama parachichi la Rungwe, na mwenyewe anauza viazi Uyole miaka yote akidhani amenenepa tumbo. Anayetaka kuzaa naye ana haja ya kujua, kwa kuwa ule unaosukuma utando wa ndani ndio unaosumbua mimba zaidi. Kwa hiyo ukiona 9, rudi kwenye ripoti ya ultrasaundi. Kama mahali pametajwa kule, mwombe daktari aandike. Kama hapakutajwa, uliza kwa upole: "Daktari, uko ndani, katikati, au nje?"

Kwa hiyo kila penye D, nilale usingizi?

Hapana, na hapa naomba tuelewane vizuri, maana nimesikia hata wahudumu wakisema "D ni salama". Kitalu D kimegawanywa. Kuanzia D10 hadi D36 ni uvimbe usio saratani. Lakini D00 hadi D09 ni chembe ambazo zimeshageuka kuwa mbaya, ila bado hazijapenya kwenda ndani. D06 ni hali hiyo kwenye mlango wa kizazi, na mtu mwenye D06 haendi nyumbani kungoja, anatibiwa. Halafu D37 hadi D48 ni uvimbe ambao hata mtaalamu wa maabara, baada ya kuutazama, hajaweza kusema utaelekea wapi. Saratani zenyewe ziko kitalu C: C53 ya mlango wa kizazi, C54 ya mwili wa kizazi, C56 ya ovari.

Kuanzia D50 tumetoka kwenye uvimbe kabisa, tumeingia kwenye damu. Mama mmoja alikaa kwenye benchi langu akilia kwa sababu chini ya D25.9 palikuwa na D50.0, akaamini ameoteshwa uvimbe wa pili, tena mara mbili ya ule wa kwanza. D50.0 ni upungufu wa damu kwa kuishiwa madini chuma, kutokana na kupoteza damu muda mrefu. Ajabu ni kwamba, kati ya namba zake mbili, hiyo aliyoidhania uvimbe ndiyo iliyokuwa na haraka. Faibroidi ingeweza kusubiri mipango. Mwili uliokauka damu hausubiri. Kama unabadilisha pedi kila saa, unatoka mabonge, unaona kizunguzungu ukisimama, au moyo unadunda kwa hatua chache tu, usingoje tarehe ya kliniki.

Kamwene dada. Natokea Kilolo. Ripoti inasema kizazi changu ni cha wiki 16. Mimi sina mimba na mume yuko safari mwaka mzima. Nitamwambia nini?

Kamwene. Mwambie ukweli: ni kipimo tu. Madaktari hupima kizazi kilichovimba kwa kukilinganisha na ukubwa ambacho kingekuwa nao katika ujauzito wa wiki hizo. Ungekuwa na mimba, pangeandikwa namba za kitalu O. Faibroidi ikikutwa kwa mjamzito hupewa O34.1.

Nilifanyiwa upasuaji, wakatoa uvimbe wenye nywele na jino. Mama mkwe anasema nimetupiwa. Kwenye karatasi wameandika D27. Kuna namba ya uchawi?

Hakuna. Na swali hili si la kuchekwa. Nimelisikia zaidi ya mara moja, na najua nyumba ambayo halikuishia kwenye swali: jirani alitajwa, watoto wakakatazwa kuchota maji kwake.

D27 ni uvimbe wa ovari usio saratani. Wako unaitwa dermoidi, na unafahamika kila mahali palipo na wanawake, wakiwemo wa nchi ambazo hazijawahi kusikia habari za Mbeya. Ovari ndiko yanakokaa mayai, na yai ni chembe yenye uwezo wa kutengeneza kila kitu cha mwili: ngozi, nywele, mafuta, meno. Kazi hiyo hungoja yai likutane na mbegu. Mara nyingine chembe moja inaanza kazi peke yake, bila mbegu, bila mpango, ikatengeneza kipande cha hiki na kipande cha kile ndani ya mfuko mmoja. Ndiyo sababu nywele zile zinakutwa zimeviringana kwenye mafuta, na jino linakutwa halina mdomo. Uvimbe huu unaweza kumpata hata msichana ambaye hajawahi kulala na mwanamume, kwa hiyo asitokee mtu akaanza kuuliza "ni ya nani?"

Hatari yake iko mahali pengine. Uvimbe wa ovari unaweza kujisokota na kuibana mishipa inayoipelekea ovari damu. Maumivu yake huja ghafla upande mmoja, makali, mara nyingi na kutapika. Hapo ni kukimbia hospitali usiku huohuo, ovari iweze kuokolewa. Familia ikianza kwa mganga, muda huo ndio unaopotea.

Mimi na jirani sote tumeambiwa tuna sisti. Yangu N83.2, yake D27. Kwa nini yeye amepangiwa upasuaji na mimi nimeambiwa nirudi baada ya wiki kadhaa?

Kwa sababu neno ni moja, sisti, yaani kifuko chenye majimaji au vitu vingine ndani, lakini vitu ni viwili. N ni kitalu cha magonjwa ya njia ya mkojo na viungo vya uzazi. N83.0 ni kifuko cha yai ambacho kilitakiwa kupasuka mwezi ule kikakosa. N83.1 ni kifuko kinachobaki baada ya yai kutoka. N83.2 ni sisti nyingine, au ile ambayo aina yake haijajulikana. Vifuko vya aina mbili za kwanza, kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi, mara nyingi hunywea vyenyewe katika mizunguko miwili au mitatu. Kurudia picha ndiyo njia ya kujua kama chako ni cha namna hiyo, kwa hiyo usidhani umepuuzwa. D27 ni uvimbe unaoota na haunywei.

Humo kitalu N utakuta pia N84.0, polipu, yaani kinyama kilichoota, ya ndani ya kizazi, na N84.1, ya mlango wa kizazi. N80.0 ni hali ya utando wa ndani kujipenyeza kwenye misuli ya kizazi. Hii ya mwisho hufanana sana na faibroidi kwenye ultrasaundi, na wapo waliobeba D25 miaka kadhaa kumbe ni N80.

Namba hizi mnazitunga wenyewe?

Laiti. Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya sababu za vifo huko Chicago mwaka 1893, Shirika la Afya Duniani likairithi mwaka 1948, na imeendelea kurekebishwa. Hizi ninazoeleza ni za toleo la 10. Toleo la 11 lilianza rasmi Januari 2022, na humo faibroidi ya kizazi ni 2E86.0. Ukiikuta, ni kiwanja kilekile kwenye ramani mpya.

Bima imekataa kulipa. Wanasema ugonjwa haulingani na huduma.

Tazama namba kabla hujagombana na mtu. Kama daktari aliandika faibroidi na upasuaji wa kuziondoa, lakini mwenye kuingiza akachagua namba ya tumbo la kuhara, mashine ya upande wa pili haina macho ya huruma. Inaona kuhara na upasuaji wa kizazi.

Nami nimewahi kukosea. Siku moja yenye foleni ndefu nilibonyeza mstari usio wake, D27 ya mama mmoja ikatoka C56. Alifika kituo kingine akapokelewa na muuguzi aliyeanza kumpa pole kwa saratani. Alirudi kwangu amebeba karatasi kama amebeba nyoka. Tangu siku hiyo namsomea mgonjwa kwa sauti ninachoandika. Asiyesomewa aombe. Kosa likionekana, husahihishwa na daktari aliyeandika pamoja na chumba cha kumbukumbu. Usiifute mwenyewe kwa kalamu.

Kabla ya upasuaji niliandikiwa D25.9, baada ya upasuaji D25.1. Nani alidanganya?

Hakuna. Namba inaandika kinachojulikana siku hiyo. Ultrasaundi iliona kivuli, daktari akaona uvimbe wenyewe, na maabara ikakiona kipande chini ya hadubini. Kila mmoja ameona karibu zaidi. Mara chache sana maabara hukuta saratani mahali ambapo wote walidhani ni faibroidi, ndipo D hugeuka C.

Kwa hiyo ndugu wakishaonyeshwa uvimbe kwenye beseni, na kila mtu ameshapiga picha, ulizeni swali moja: kipande kimewekwa kwenye formalini, ile dawa ya kukihifadhi, kwenda maabara? Na majibu yafuatwe. Kuna majibu yaliyolala kwenye droo hadi karatasi ikageuka rangi. Aliyekwisha koma hedhi halafu akatoka damu tena, au uvimbe wake ukaendelea kukua, huyo asikose kipimo hiki hata kama amechoka na hospitali.

Yupo muuza dawa stendi ya Nane Nane anayo ripoti mbili za mteja wake: ya kwanza ina uvimbe, ya pili hauna. Huo si ushahidi?

Mwombe akuonyeshe namba ya ripoti ya kwanza. Mimi niliwahi kuletewa ripoti za namna hiyo na mama aliyekuwa tayari ameshatenga pesa ya mahindi. Ya kwanza iliandikwa N83.0. Ya pili, miezi mitatu baadaye, safi. Kile kifuko kingeondoka hata kwa chai ya rangi. Mama yule mwenyewe, karatasi yake ilisema D25.1, sentimita 7.