Ana Pepa Mia Mbili za Kansa, Kwani Ametibu Nani?

Mtoto wa huku Kisumu akipata kazi ya risachi ya kansa majuu, grupu la familia halilali. Mmoja analeta linki ya Google Scholar (ile ya kutafuta pepa za watafiti), mwingine anahesabu pepa, na kufika jioni kijana ashakuwa "daktari wetu wa kansa". Hayo madai mengi hayako sawa, wacha tuyaangalie.

Tuanze na hilo la daktari. Mtu wa baiolojia ya molekuli anashinda labu na seli, DNA na protini, na wengi wao wana PhD, si leseni ya kutibu mtu. Kumtumia ripoti ya biopsi ya shangazi saa tano usiku ni kumwonea bure, hiyo ipelekeni Russia (hospitali ya rufaa ya Jaramogi, JOOTRH, kwa wageni) muulize wenye kliniki.

"Nimegugo jina lake nikaona pepa 300." Hii inanichekesha sana juu ya majina yetu. Rekodi nyingi hasa za zamani zinaweka jina la mwisho na herufi ya kwanza tu, sasa wewe andika Otieno J pale PubMed, hifadhi ya pepa za tiba mtandaoni, uone, na huku kila mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku ni Otieno! Utapata wa malaria, wa mahindi, wa ukimwi, wa kansa, wote wamechanganywa kwa gunia moja. Ndio maana watafiti hujisajili ORCID, namba ya tarakimu 16, ni ya bure, inatenganisha Otieno huyu na yule. Kama unataka kumhesabia mtu pepa zake anzia hapo.

Halafu kuna hii ya "jina la kwanza ndio bosi". Kwa hii fani kawaida wa kwanza ndiye aliyefanya kazi nyingi ya mikono, mara nyingi mwanafunzi wa PhD, na bosi wa labu anakaa mwisho kabisa. Wa katikati wanaweza kuwa waliopiga hesabu, waliokusanya sampuli au waliopiga picha, na hao ndio husahaulika. Chukua limfoma ya Burkitt, kansa ile ya kuvimbisha taya za watoto, tunaijua vizuri huku kando ya ziwa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, aliiandika 1958. Mwaka wa 1964 seli za uvimbe huo kutoka Uganda zikaonekana London na virusi ndani, pepa ikatoka kwa jarida la The Lancet na majina matatu: Epstein, Achong, Barr. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, ndiye alikuwa fundi wa hadubini ya elektroni. Virusi vikaitwa vya Epstein na Barr, kufuatana na seli walizokuza hao wawili zikaitwa EB, na Achong wa katikati akaachwa nje mpaka leo. Kwa hivyo ukiona jina la mtu wetu liko katikati usibeue, uliza alifanya nini.

Wingi nao si ubingwa. Nowell na Hungerford walitoa pepa 1960, aya chache tu, kuhusu kromosomu moja fupi kwenye leukemia (kansa ya damu) ya aina fulani. Imatinibu, dawa inayopiga kosa hilo hilo, iliidhinishwa Marekani 2001. Miaka 41! Sasa mtu akikuambia kijana wetu alichapisha 2010 na bado hakuna dawa, mwambie apoe.

Lakini kubwa zaidi kwangu ni "ikishachapishwa ni ukweli". Pale Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, 2006 watafiti walitoa pepa kwa jarida la Nature Medicine wakidai jeni za uvimbe zinaweza kuonyesha kemo ipi itamfaa mgonjwa nani. Baggerly na Coombes, watu wa takwimu kutoka Houston, wakakaa na zile data wakakuta orodha ya jeni imeteleza mstari mmoja, yaani kila jina limekaa kwa namba ya jirani yake, na kwingine seli zinazosikia dawa zimeandikwa kama zinazokataa. Na wagonjwa walikuwa washaingizwa kwa majaribio bana! Pepa ikaondolewa 2011. Si kila pepa inayoondolewa ni ulaghai lakini, kuna wanaogundua seli zao zilichanganyika na seli zingine wakaiondoa wenyewe, na huyo mimi namwamini zaidi.

Na ile ya "amealikwa na jarida la kimataifa" msipigie vigelegele kwanza. Majarida ya kula pesa yanatuma hiyo mialiko kama mvua, hata mwanafunzi wa masters pale Maseno anapata, anaombwa aandike kuhusu kansa ya mapafu na yeye anasomea samaki.