Kilo Zinazoingia Bila Hodi: Maswali na Majibu Kuhusu Uzito Unaopanda Polepole

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama yangu mdogo kwa fundi cherehani wa Tandika anayemshonea tangu zamani, ili gauni lake la kitenge lipanuliwe kwa ajili ya harusi. Fundi alipoligeuza gauni nje ndani na kuanza kufumua mshono wa ubavuni, tuliona pembeni yake mistari miwili ya matundu madogo ya sindano, sentimita moja hivi kati ya mmoja na mwingine. Gauni lilikuwa limeshapanuliwa mara mbili na mwenyewe hakukumbuka hata mara moja. Sentimita moja ikitolewa kwenye kila kipande cha kitambaa, mbele na nyuma, katika mishono yote miwili ya ubavuni, gauni hupanuka sentimita 4. Kwa hiyo kiuno chake kilikuwa kimeongezeka sentimita 8 hivi kabla hata ya siku hiyo. Mimi hufanya kazi ya kutoa elimu ya lishe, na nakiri kwamba nami sikuwa nimeona kitu. Baadhi ya maswali yafuatayo aliniuliza yeye tukiwa kwenye daladala la kurudi Mbagala. Mengine huulizwa na majirani.

Inawezekanaje mtu aongezeke kilo 10 asijue?

Inawezekana kwa sababu kilo hizo hazifiki pamoja. Anayeongezeka nusu kilo kwa mwaka huongezeka gramu 10 hivi kwa wiki, kiasi ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona, wala mizani ya kawaida haiwezi kukionyesha, maana uzito wa mtu yeyote hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa siku kutokana na maji na chakula kilichomo tumboni. Mwendo huo ukianza akiwa na miaka 25, atakapotimiza miaka 45 amebeba kilo 10 zaidi. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 aliyekuwa na kilo 56 atakuwa na kilo 66, na hapo ameshavuka mpaka wa uzito wa kawaida, ambao kwa urefu wake uko kwenye kilo 64.

Mavazi nayo hutuficha ukweli. Dera halibani popote, na sketi yenye mpira kiunoni hunyooka kadiri mwenye nayo anavyojaa. Wanaume wana maficho yao: kitambi kikitokeza, suruali hushushwa ikafungwa chini yake, na mtu huendelea kununua namba ile ile kwa miaka mingi, akiwa na hakika kwamba hajabadilika.

Tena tunaishi katika jamii ambayo mtu akinenepa huambiwa amenawiri, kwamba ndoa imemkubali au maisha yamemnyookea. Maneno haya yana historia ambayo hatupaswi kuidharau. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo, kabla dawa hazijapatikana kwa wingi, kukonda kulikuwa habari ya kutisha ndani ya familia. Mama mwenye umri wa miaka 55 leo aliishi kipindi hicho chote. Akifurahi kuona mwanawe amejaa, anasema hivyo kwa upendo, na ana sababu zake.

“Mwanangu, mbona mimi sili sana?”

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na anayeliuliza huwa anasema kweli. Hali sana. Anachokula kinazidi mahitaji ya mwili wake kwa kiasi kidogo sana, lakini kila siku.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi nishati ya kilokalori 7,700 hivi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kilokalori karibu 20, ambazo kwa mwaka mzima hufika 7,300. Kwenye karatasi, basi, kijiko kimoja tu cha ziada kwa siku kinakaribia kilo moja kwa mwaka. Mwili haufuati hesabu hii sawasawa, kwa sababu unavyozidi kuwa mzito unahitaji pia nishati zaidi ya kujiendesha, na ongezeko hupungua kasi. Hata hivyo hesabu inatuonyesha jinsi kitu kidogo kinavyotosha.

Nilimwomba mama mdogo anihesabie chai zake. Hunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, yaani sukari ya gramu 40 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ingekuwa bora zaidi isifike hata 25. Hapo bado hajanywa soda ya mchana, na chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi.

Mafuta ya kupikia ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu humiminwa bila kupimwa. Kijiko kikubwa kimoja kina kilokalori 120 hivi, sawa na vijiko sita vya sukari. Simama jikoni umtazame mpishi akikaanga vitunguu vya mchuzi wa familia: dumu huinamishwa, mafuta hutiririka, na jicho ndilo kipimo. Ongeza tui la nazi kwenye wali, chapati iliyopakwa mafuta pande zote mbili, na chipsi mayai ya njiani pale foleni inapokufikisha nyumbani saa tatu usiku. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho sumu, na hakuna anayekula hivi kwa ulafi.

Upande wa pili wa hesabu ni miguu yetu. Zamani kidogo, mtu alishuka kituoni akatembea hadi nyumbani kilomita moja na nusu. Siku hizi bodaboda inamngoja pale pale. Kutembea kilomita moja hutumia kilokalori 50 au 60 hivi, kwa hiyo kuacha kutembea kwenda na kurudi ni sawa na kunywa soda moja kila siku ya kazi, ingawa kwenye sahani hakuna kilichobadilika. Vilevile anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi usafiri na kulala saa tano usiku hapati usingizi wa kutosha, na usingizi pungufu huongeza hamu ya kula.

Je, si umri tu?

Umri unasingiziwa mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili wa mtu, matumizi ya nishati hayashuki kati ya miaka 20 na 60. Kinachobadilika ni maisha: kazi ya kukaa, magari, watoto na uchovu. Misuli nayo hupungua isipotumika. Kwa wanawake, kilo zilizobaki baada ya uzazi mmoja huweza kuwa mwanzo wa uzazi unaofuata.

Nitajuaje mapema?

Nunua futi kamba ya fundi. Simama wima, tafuta sehemu ya kati kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, pitisha futi hapo juu ya ngozi, toa pumzi kama kawaida bila kuvuta tumbo ndani, kisha usome. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi na uandike. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari huanza kuongezeka. Kwa mwanamume ni kuanzia 94. Kanuni nyepesi ya kukumbuka ni kwamba kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Nasisitiza kiuno kwa sababu mafuta yanayojaa ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, yanahusiana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo kuliko yale ya mapajani.

Ukipenda mizani, tumia ile ile kila mara, asubuhi, baada ya haja na kabla ya chai. Vijana wanaopima uzito barabarani Kariakoo wanaweza kukupa picha tu, maana unapimwa ukiwa na viatu na umeshakula.

Je, dawa au ugonjwa vinaweza kuwa chanzo?

Ndiyo, kwa baadhi ya watu. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, dawa za jamii ya steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huweza kuongeza uzito. Tezi ya shingoni ikifanya kazi chini ya kiwango nayo huchangia. Tafadhali usiache dawa yoyote kwa sababu hiyo, mweleze daktari. Na kama uzito umepanda kilo 2 au zaidi ndani ya siku chache, miguu ikavimba au pumzi ikakatika ukilala, hayo huenda ni maji yanayotokana na moyo au figo, na safari ya hospitali isisubiri kesho.

Nianzie wapi?

Anza kwa kuzuia kilo inayofuata, kwa kuwa ni rahisi kuliko kuondoa kumi zilizokwisha kaa. Pima mafuta kwa kijiko. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kwa mwezi ili ulimi uzoee. Jaza nusu ya sahani kwa mchicha, matembele au mboga nyingine, kisha ugali uchukue robo. Shuka vituo viwili kabla ya chako. Dakika 30 za kutembea kwa haraka kwa siku tano hutimiza dakika 150 zinazoshauriwa kwa wiki. Chai za kupunguza tumbo ziache, kwani nyingi huharisha, na kinachotoka ni maji.

Kilo chache zina faida kubwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa wakielekea kwenye kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 katika muda wa miaka mitatu hivi.

Nimwambieje mzazi au mwenzangu?

Usiseme mbele za watu, na usitumie neno bonge hata kwa utani. Mimi sikumwambia mama mdogo lolote kuhusu mwili wake. Nilimwomba tu twende kupima presha na sukari pamoja. Sukari ilikuwa salama, presha ilikuwa juu, na ameanza kufuatiliwa kliniki. Kiuno tulikipima nyumbani kwa futi aliyopewa na fundi: sentimita 97. Ameiandika nyuma ya kadi ya kliniki, na jioni hutembea na jirani yake hadi kwenye kituo cha daladala na kurudi.