Digrii za London zilikuwapo, ila si za wasanifu majengo

Hili nalo limenichosha. Akitajwa msanifu majengo mkongwe aliyesomea Nairobi, lazima atokee mtu aandike kwamba alihitimu kwa digrii ya London. Wapi!

Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Nairobi kilipokea wanafunzi Aprili 1956, usanifu ukiwamo. Watu wanateleza kwenye tarehe 25 Juni 1961, kilipogeuka Royal College Nairobi na kufungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Wakishasoma hapo, wanakivika chuo kizima joho la London. Walioanza kuandaliwa kwa digrii hizo ni wanafunzi wa sanaa, sayansi na uhandisi. Usanifu ulibaki pale pale: diploma, pamoja na sifa za kitaaluma zinazotolewa na vyama vya fani. Mhandisi na msanifu wa chuo kimoja walikuwa wakifukuzia karatasi mbili tofauti.

Na diploma hiyo isidharauliwe. Kenya ina sheria ya kusajili wasanifu tangu 1934, na bila usajili hujiiti msanifu, hata uwe na digrii tatu.

Tarehe 20 Mei 1964 kikawa University College Nairobi, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na digrii zikawa za hapa kwetu. Mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Basi ukishika cheti cha zamani, soma kwanza jina la mtoaji. Jina la mahali aliposomea linapotosha. Kisha tazama mwaka wa kumaliza. Kozi ya usanifu ni ndefu, na aliyeingia chuo kikiwa na jina moja aliweza kutoka kikiwa na jingine. Halafu usikimbilie kutafsiri. Zamani "shahada" iliweza kuwa cheti chochote. Leo ni digrii. Mhariri akikata "sta" kwenye "stashahada", yaani diploma, akidhani ni kosa la chapa, amemghushia marehemu digrii.

Halafu kuna wanaosema Chuo Kikuu cha Ardhi cha Dar es Salaam nacho kilianza usanifu 1956. Mwaka ni huo huo, fani siyo: ile ilikuwa shule ya upimaji ardhi, na Chuo cha Ardhi chenyewe kikaja 1974.

Shule ya usanifu ya Nairobi mimi naihesabu tangu 1956. Ukinibana nitaje tangu lini ni shule ya *chuo kikuu*, nayumba: 1961 hadhi ilikuja bila digrii ya usanifu, na 1964 digrii zilikuta studio zina miaka minane.