Mkristo wa Mombasa na mambo ya umma: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

"Dini na siasa havichangamani." Anayesema hivi huenda amepita Kengeleni leo asubuhi na matatu ya Bamburi. Kengele ile ni ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875. Kabla yake ulikuwepo mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa, ambao Sultani Barghash wa Zanzibar alishinikizwa kuutia sahihi, na kabla ya mkataba, waumini walioliandama bunge la Uingereza miaka na miaka. Siasa tupu hiyo.

"Warumi 13 inatuamuru tunyamaze." Paulo huyohuyo aliyeandika humo tutii mamlaka, kwenye Matendo 16, alikataa kutolewa gerezani Filipi kimyakimya. Alitaka wakubwa waje wenyewe.

"Kumwalika mheshimiwa ibadani ndiko kushiriki." Hii ndiyo iliyotukaa zaidi. Mgeni anafika mahubiri yakiwa katikati, kipaza sauti kinahama, bahasha inatangazwa, vigelegele. Jumatatu mtaro wa nyuma ya kanisa bado umeziba. Waanglikana waliwazuia wanasiasa kuhutubia ibadani tangu 2021, na 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likaagiza mchango wa Rais urudishwe. Sawa, lakini kukataa bahasha hakuzibui mtaro. Pesa za mtaro hutoka kwenye bajeti ya kaunti, ambayo makadirio yake yanatakiwa yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na Ibara ya 196 ya Katiba inalibana bunge hilo lishirikishe wananchi. Nenda kwenye mkutano wa maoni uone: viti vya plastiki vitupu, karatasi ya mahudhurio ina majina ya walewale. Kwaya moja tu ingeujaza ukumbi. Andikeni mtaro upi, mtaa gani, wadi ipi, na nakala yenu igongwe muhuri.

"Tukisema, Waislamu wataona tunawapinga." Hofu hii haikuzuka hewani. Mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya katiba, sababu mojawapo ikiwa Mahakama za Kadhi, na rasimu ikapita kwa takriban asilimia 67. Kwa maoni yangu kelele ile ilikuwa ya bure: kadhi husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, tena pale tu pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. Maji ya mtaro ulioziba, kwa upande wake, huingia nyumba ya Juma na ya Yohana.